Daftari la Njia za Maji: Pemba na Neema Isiyohesabiwa

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana dukani, lakini mara chache kisimani. Mfanyabiashara asiyeandika madeni yake huchekwa na watu. Bali mji usiojua idadi ya mifereji yake hauchekwi na mtu, wala haujui kwamba umefilisika mpaka siku mvua inapoingia majumbani. Katika insha hii nakusudia kuitoa methali hiyo dukani na kuishusha mabondeni, katika kisiwa cha Pemba, kwa kuuliza swali moja la historia: imekuwaje kisiwa kilichojaaliwa maji kwa wingi kikajifunza kuhesabu karafuu zake kwa pishi, na kisijifunze kuzihesabu njia za maji yaliyoiotesha mikarafuu hiyo?

Ninaposema njia za maji sina maana ya mito peke yake. Nataja kila kitu ambacho maji hupita au hutulia kwa faida ya watu: kijito, chemchemi, kisima, mfereji wa bonde la mpunga, tuta la kuzuia bahari, bomba la mjini, bomba kubwa lipitishalo maji chini ya barabara ambalo mafundi huliita karavati, na hori la mikoko ambamo vyote hivyo hukoma. Baadhi ni kazi ya Muumba na baadhi ni kazi ya binadamu. Lakini vyote ni mali, na vyote huchakaa.

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na upana wa kilomita 22 pale ilipo pana. Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, na jina hilo ni ushahidi wa mvua. Kwa kadiri, kisiwa hupata milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, nyingi katika masika ya Machi hadi Mei, na nyingine katika vuli. Upande wa magharibi na wa kati ni vilima vidogo vilivyokatwa na mabonde. Vijito hushuka humo mpaka kwenye makonde ya mpunga, kisha horini. Upande wa mashariki ardhi ni tambarare zaidi, tena ya mawe ya matumbawe, na maji hupenya chini kuliko kupita juu. Basi mtu wa magharibi huiona njia ya maji kwa macho, na mtu wa mashariki huitafuta kwa kamba na ndoo.

Kabla ya karafuu, Pemba ilijulikana kwa mpunga. Katika karne ya 16 na ya 17, Wareno walipokuwa Mombasa, chakula cha mji ule kilitegemea sana mchele wa Pemba. Wamazrui waliotawala Mombasa katika karne ya 18 waliishikilia Pemba kama mtu anavyoshikilia ghala yake, mpaka walipoipoteza kwa majeshi ya Sayyid Said mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mpunga haustawi kwa mvua peke yake. Unataka maji yaje kwa wakati na yaondoke kwa wakati, na kazi hiyo ni kazi ya tuta na mfereji. Kwa hiyo kila jahazi lililobeba mchele kwenda Mombasa lilibeba, pasipo kuandikwa, jasho la mtu aliyezibua mfereji. Vita vya ghala vimeandikwa katika vitabu; kuzibua mifereji hakukuandikwa.

Kumbukumbu moja ya kale yatuonyesha kwamba watu wa Pemba hawakuwa wageni wa kuyagawa maji. Katika magofu ya Pujini, ngome ambayo masimulizi huihusisha na mtawala aitwaye Mkama Ndume, na ambayo wataalamu wa mambo ya kale huiweka katika karne ya 15, mna kisima ambacho yasemekana kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala wasionane wakati wa kuteka maji. Yasimuliwa pia kwamba palikuwa na mfereji wa kuingizia vyombo kutoka baharini hata karibu na ngome. Hadithi ya wake wawili yaweza kuwa hekaya. Lakini hata hekaya hufunza: watu walioisimulia walijua kwamba maji yenye watumiaji wawili hutaka mpaka ulio wazi, na kila upande uwe na mwenyewe. Masimulizi hayo hayo humtaja Mkama Ndume kuwa mtawala mkali aliyewatumikisha watu wake. Kazi iliyofanywa kwa hofu hudumu muda wa hofu. Ngome ni gofu leo, na mfereji wake umebaki katika midomo ya watu.

Katika karne ya 19 walikuja kwa wingi watu wa Omani, na hapa historia ina jambo la kustaajabisha. Watu wale walitoka katika nchi ambayo daftari la maji ni jambo la kale sana. Kwao kuna mifereji iitwayo falaj, ichotayo maji chini ya milima na kuyapeleka mashambani. Ipatayo 3,000 ingali ikitumika, na mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Falaj ina wakili wake. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Baadhi ya hisa za maji ni za watu, baadhi ni za misikiti, na baadhi ni za falaj yenyewe: hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hutumika kuitengeneza. Maana yake ni kwamba mfereji ule hujilisha wenyewe. Haungoji huruma ya tajiri wala bajeti ya serikali. Matengenezo yake yamo katika hesabu yake tangu siku ya kwanza.

Kwa nini basi watu wenye elimu hiyo hawakuipanda Pemba kama walivyopanda mikarafuu? Jibu langu ni kwamba haja haikuwapo. Katika nchi kavu maji ni fedha, na fedha huandikwa. Katika nchi ya mvua maji ni kama hewa, na nani huandika hewa? Daftari liliandamana na kilicho adimu na chenye kununuliwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangamiza mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu, na macho yote yakaelekea mitini. Wachumaji walilipwa kwa pishi, tajiri aliuza kwa frasila, na serikali ilitoza ushuru uliokuwa mhimili wa hazina yake. Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu. Na baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo hununua karafuu mpaka leo. Tawala zilibadilika, bendera zilibadilika, lakini daftari la karafuu halikukosa mwandishi.

Maji nayo yaliandikwa pale tu yalipokuwa adimu au yalipokuwa karibu na kiti cha enzi. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya Chemchem mpaka mji wa Unguja, kazi iliyosifiwa sana na kwa haki. Lakini vijito vya Pemba vilishuka vilimani kama vilivyoshuka siku zote, na kwa kuwa vilishuka bila kuombwa, havikuhesabiwa.

Hori la Chake Chake ni mfano wa hasara itokanayo na kutohesabu. Mji ulijengwa pale kwa sababu mkono wa bahari uliingia ndani na kuleta majahazi karibu na soko. Lakini hori ni mwisho wa mabonde. Kila shamba lililofyekwa kilimani na kila ukingo uliobomoka ulituma udongo wake chini. Na udongo ukifika kwenye maji yaliyotulia hauna pa kwenda. Leo bandari kuu ya Pemba ni Mkoani, na hori la Chake hupitwa na vyombo vidogo maji yanapojaa. Hakuna aliyetoa amri ya kuifunga njia ile. Ilifungwa na mamia ya masika, kila moja ikiweka kidogo, na hapakuwa na kitabu ambacho mtu angesoma kuwa mwaka huu kina kimepungua kuliko mwaka jana. Kwa maneno ya methali, ilipotea bila habari.

Ndipo ninapoona kwamba si sawa kuyatenga maji ya mji na maji ya shamba. Mtu wa shamba akikata miti ya kilimani, mtu wa mjini hupata tope mlangoni. Mtu wa mjini akitupa taka mtaroni, mtu wa bondeni huziona katika konde lake, na mvuvi huziona mikokoni. Wizara zaweza kugawana majina. Maji hayasomi vibao vya wizara. Njia ni moja kutoka kilimani hadi horini, na afadhali daftari lake liwe moja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilifanywa kuwa mali ya serikali, na wananchi wengi waligawiwa eka tatu tatu. Ilikuwa ni haki iliyongojewa na wengi. Maji ya bomba nayo yalitolewa pasipo malipo, na kwa mtu aliyekuwa akinunua ndoo hilo halikuwa jambo dogo. Lakini mgawanyo wa eka ulikuwa na mwanya wake. Eka ilipata jina la mtu; mfereji uliopita baina ya eka mbili haukupata jina la yeyote. Ukawa wa wote, na kitu cha wote, kisipopewa msimamizi, huwa si cha mtu. Sheria ya Maji ya mwaka 2006 iliunda Mamlaka ya Maji Zanzibar, na tangu hapo visima vikubwa, matangi na mabomba yakapata mwenyewe wa kisheria, na baadaye ankara. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini bomba ni sehemu ndogo tu ya njia ya maji.

Nina sababu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Marehemu mama yangu alikuwa na konde katika bonde moja la magharibi, ambalo barabara ililikata kwa upande wa chini. Chini ya barabara palikuwa na karavati moja. Masika moja karavati lile liliziba kwa matawi na mchanga, na maji yakarudi nyuma na kusimama. Ndugu zangu walikwenda kuomba lizibuliwe. Ofisi ya kwanza ilisema karavati ni la barabara. Ya pili ikasema maji ni ya kilimo. Ya tatu ikasema bonde ni la wananchi wenyewe. Sikuwalaumu watu wale na siwalaumu leo, kwa sababu kila mmoja alisema alivyoamini, na hapakuwa na karatasi ya kumkanusha. Kazi yenyewe ilikuwa ya watu sita na majembe, ya siku mbili. Haikufanyika. Misimu miwili baadaye konde lilikuwa limeota magugu ya majini, na mama, aliyelima mpunga tangu usichana wake, akatuma mtoto dukani kununua mchele uliotoka ng'ambo. Alipolifungua furushi aliutazama mchele ule kitambo, kisha akauliza bei yake. Swali hilo la bei ndilo lililonifanya niandike insha hii.

Elimu ya siku hizi ina jina kwa jambo ambalo mama alilijua kwa mikono: usimamizi wa mali. Mwaka 2014 kilichapishwa kiwango cha kimataifa, ISO 55000, kieleza misingi yake. Ukiivua misingi hiyo maneno ya kitaalamu, hubaki maswali matano ambayo mkulima yeyote angeyaelewa. Tuna nini, na kiko wapi? Kiko katika hali gani? Twataka kitufanyie kazi gani, kwa kiasi gani? Kikiharibika, nani ataumia, na kwa ukubwa gani? Na kwa maisha yake yote, toka kujengwa hata kuondolewa, kitagharimu nini, na nani atalipa? Swali la nne ndilo linalofundisha busara. Si kila mfereji una uzito sawa. Karavati moja la mama lilishika riziki ya bonde zima. Mtaro mwingine waweza kuziba na asiumie mtu. Asiyejua tofauti hutumia fedha yake penye kelele, si penye hatari. Na swali la tano ni ile methali yetu nyingine, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, isipokuwa limewekewa tarakimu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya wageni tu. Wachaga wa Kilimanjaro wana mifereji yao ya kale iitwayo mifongo. Mfongo ulihesabiwa kuwa wa ukoo wa aliyeuchimba; wazee wake walipanga zamu; na aliyetaka maji alipaswa kutokea siku ya kuusafisha, la sivyo alitozwa faini au alinyimwa zamu. Hilo lilikuwa daftari lililoandikwa katika kumbukumbu za watu. Kwa upande mwingine wa dunia, Waingereza walichimba mifereji mingi ya kusafirishia bidhaa katika karne ya 18, kisha reli ikaipokonya kazi, na mingi ikaoza. Sheria yao ya Usafiri ya mwaka 1968 iliigawa mifereji iliyokuwa chini ya bodi ya taifa mafungu matatu: ya biashara, ya matembezi ya vyombo, na iliyosalia. Mafungu mawili ya kwanza yaliwekewa kiwango cha kutunzwa. La tatu lilisimamiwa kwa gharama ndogo iwezekanavyo. Uamuzi huo ulikuwa mkali, na uliwakasirisha wengi. Lakini ulikuwa uamuzi, wala haukuwa usahaulifu. Mwaka 2012 mifereji ya England na Wales ilikabidhiwa kwa chombo cha amana kiitwacho Canal & River Trust, ambacho huitunza kwa niaba ya umma.

Neno amana latufikisha kwenye pingamizi ambalo najua msomaji analo. Atasema: ukiyahesabu maji, kesho utayauza, na maskini atakosa. Hofu hii si ya kudharauliwa, kwa sababu historia ina mifano yake. Lakini kuhesabu ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine, na Waislamu wa pwani hii wametenganisha mambo hayo mawili tangu zamani kwa njia ya wakfu. Kisima cha wakfu mnywaji hakilipii. Hata hivyo kina msimamizi, kina mipaka, na mara nyingine kina shamba au nyumba ambayo pato lake huenda kununua kamba na kutengeneza ukingo. Msimamizi huulizwa hesabu, duniani na akhera. Kisima kile ni bure kwa mwenye kiu na kimehesabiwa kwa mwenye dhamana. Wakfu umetuonyesha kwamba daftari halimzuii maskini asinywe. Humzuia mzembe asisahau.

Haja ya daftari imekuwa kubwa kuliko zamani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848 katika mikoa miwili ya Pemba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 540,000. Maji ya kilima kile kile yanagawanywa kwa watu wengi zaidi, na mapaa na barabara mpya zinayasukuma kwa kasi zaidi. Bahari nayo inasogea: huko Kisiwa Panza, na kwingineko pwani, maji ya chumvi yameingia katika ardhi iliyokuwa ikilimwa. Tuta la kuzuia bahari ni mali ya ajabu, kwa maana faida yake haionekani ila siku linapokosekana. Wakati huo huo, miundombinu mipya ya umwagiliaji imejengwa kwa mkopo wa Jamhuri ya Korea katika mabonde kadhaa ya Unguja na Pemba, yakiwemo Mlemele na Makwararani. Mifereji mipya ni kama mtoto mchanga: siku ya kuzaliwa kila mtu huja, lakini wa kumwogesha kila asubuhi ni mmoja, na lazima ajulikane.

Daftari ninalolitaka halihitaji kuwa kubwa ili lianze. Kila shehia ina sheha. Kila bonde lina wazee, na hasa kina mama, ambao ndio walimao mpunga. Na waulizwe wao kwanza. Ukurasa mmoja kwa kila kitu: jina lake kama wenyeji waliitavyo, mahali kilipo, hali yake baada ya masika, kazi yake, atakayeumia kikiharibika, mwenye kuwajibika nacho, na gharama ya kukitunza kwa mwaka. Mwalimu wa lugha ataniruhusu nisisitize lile la kwanza. Majina ya mahali ni daftari la kale kuliko yote. Jina kama Ziwani, katika wilaya ya Chake Chake, laweza kumwonyesha mtaalamu maji yalipotulia au yanapotulia kabla hajafungua chombo chake cha kupimia. Jina la kijito likisahauliwa, kijito huwa mtaro, kisha jaa, kisha kiwanja cha kujengea, kisha mafuriko.

Mwaka jana nilipita katika bonde lile la mama. Barabara imetengenezwa upya, na karavati limebadilishwa. Ni pana sasa, na maji hupita. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe kando yake iwapo anajua ni nani hulisafisha. Alinitazama, akafikiri, akasema kwamba hajui, lakini halijaziba bado.